Mafuta ya Taa Kwenye Chupa ya Soda

Nesi wa zahanati yetu hapa Gede aliniomba nizungumze na akina mama siku ya kliniki. Maneno machache tu, kuhusu watoto na mafuta ya taa. Mjukuu wangu alikuwa ameyanywa akalazwa Malindi, na nesi aliona mtu aliyeyapitia atasikilizwa. Nikakubali upesi, kisha nikakosa utulivu. Niliandika, nikachana. Nilitoka uani, nikarudi ndani, nikaketi, nikainuka tena kuwafukuza kuku ambao hawakunikosea lolote.

Lililonisumbua halikuwa hotuba. Tangu mtoto alazwe, majirani walikuwa wakimsema mkaza mwanangu: mama gani huyu, anaacha mafuta chini hadi mwanawe anadhani ni soda? Akifika bombani, walinyamaza. Mimi nilimjua aliyeyatia mafuta kwenye chupa ile na kuiweka karibu na mtungi wa maji. Nilikuwa sijasema.

Nilipopata maneno ya kuniridhisha, nilimsomea mkaza mwanangu mwenyewe, akiwa juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Mzazi mmoja aliweka mafuta mahali pabaya. Mtoto alipoyanywa, wakamtapisha, wakamnywesha dafu wakidhani litaondoa sumu. Kumbe kumtapisha ndiko kulikoyapeleka mafuta mapafuni."

Hakuacha kukuna. "Huyo mzazi mmoja ni wa wapi, baba? Nami ningependa kumjua."

"Ni namna ya kusema tu."

"Na waliomtapisha walikuwa wengi? Maana mimi nilishambeba, niko mlangoni naenda hospitali. Nakumbuka mkono mmoja tu ukinipokonya." Akakung'uta kifuu. "Lakini wewe umesoma hadi sekondari. Mimi nitajua wapi mambo ya kuandika?"

Nilichukua karatasi nyingine. Kila nilipofika penye "mimi" nilipata la kufanya: maji ya kunywa, kiatu cha kufunga, mlango uliokuwa ukigonga kwa upepo. Jua lilipopinduka nilikuwa na mistari minne.

Siku ya kliniki alikuja na mtoto mgongoni, akasimama nyuma kabisa barazani. Mtoto alikuwa bado anakohoa. Nilisalimu, nikasoma.

"Mafuta niliyatia mimi kwenye chupa ya soda, na chupa niliiweka mimi. Mama yake alitaka kumkimbiza hospitali. Nikampokonya, nikamtia mtoto kidole kooni, nikamnywesha dafu. Nilikosea yote. Msimtapishe mtoto, mpelekeni hospitali mara moja."

"Hata dafu, mzee?" aliuliza mama mmoja.

"Hata dafu msimpe. Hata maziwa."

Vichwa viligeuka nyuma. Jirani yetu mmoja, aliyekuwa hodari wa kunyamaza pale bombani, alisogea akapigapiga nafasi kwenye benchi.

"Njoo ukae, mwanangu."

"Ahsante," mkaza mwanangu akasema. "Nimesimama vizuri."

Alisema hivyo akinitazama mimi.