Ramani ya Nchi Isiyokuwepo Ilimvunja Mdogo Wangu Mkono, na Lawama Nilimwachia Mwingine

Admin, ficha jina langu. Haya majina mengine nimeyabadilisha mwenyewe kwa sababu sikuwaamini nyinyi ma-admin. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na moja, mjane, naishi Bwiza hapa Bujumbura na mdogo wangu Yusufu. Nawaambieni mapema: wale wa "pole dada, yote ni mipango ya Mungu" wapite tu, leo sina hamu nao.

Wakati wa vita nilikuwa nachora ramani kwa kompyuta katika ofisi moja ya maji. Tulikuwa wawili, mimi na Fabrice, na kompyuta moja. Kazi yetu ilikuwa chemchemi, mabomba na barabara za milimani juu ya mji. Siku ambazo risasi za waasi na askari zililia huko juu, gari la kazi halikutoka, tukabaki tumekaa. Ndipo tukaanza kuchora nchi yetu wenyewe, ya kubuni. Tuliiita Keza. Ilikuwa na maziwa mawili, miji kumi na minne, misitu, na bandari ambayo Fabrice aliihamisha kila wiki mpaka nikamtukana. Kizuizi cha askari hakikuwepo hata kimoja. Siwezi kusema uongo, zile ndizo saa nzuri pekee nilizopata mwaka ule.

Sasa sikilizeni kosa. Milima ya Keza hatukuitoa kichwani. Kwa uvivu wetu tuliweka ramani ya kweli ya ofisi chini kabisa, tukaififisha, tukachora juu yake. Katika programu zile ramani hukaa kwa matabaka, moja juu ya jingine, na kabla ya kuitoa iwe picha ya kuchapisha lazima uzime tabaka usilolitaka. Kwenye kioo chetu kilichochakaa lile la chini halikuonekana kabisa. Kwenye karatasi lilionekana.

Yusufu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Aliomba nakala ya Keza ili wanafunzi wake wajifunze kusoma ramani. Siku hiyo Fabrice alikuwa kwao na homa. Niliitoa mimi, nikaichapisha mimi, nikaikunja mimi. Tabaka la chini sikulizima.

Walimkamata kwenye kizuizi cha njia ya Kajaga. Askari aliinua karatasi juani, akaona barabara za kweli, vilima vya kweli na matangi ya maji, yamewekewa majina asiyoyajua.

"Hii karte unapelekea nani kule mulima?"

"Apana afande, ni inchi ya kubuni, ya batoto ba shule."

"Inchi ya kubuni iko na barabara yetu?"

Walimshikilia siku tisa. Alitoka mkono wa kulia umevunjika mahali pawili, ukaunga vibaya, na chaki hajaishika tena mpaka leo.

Na mimi siku hizo tisa? Nilikuwa nyumbani nalia na mama. Ndiyo, nalia tu. Aliyekwenda kwa askari ni Fabrice, homa bado haijamtoka, amebeba ramani za ofisi, akawaeleza jinsi matabaka yanavyokaa. Walimpiga makofi. Akarudi kesho yake, na keshokutwa yake, mpaka wakaelewa. Walipomuuliza nani alisahau, alijibu, "Ni sisi ba ofisi."

Alipomfikisha Yusufu nyumbani, mama alimtazama juu mpaka chini. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Kama si we ulikosea, ulijua je kueleza?"

Fabrice akanitazama mimi. Nilikuwa na beseni la maji ya moto mikononi. Nikainama, nikaendelea kumkanda mdogo wangu. Basi, kosa likawa la Fabrice. Mtaa mzima ukajua ni Fabrice. Aliacha kazi, akahamia Kigoma.

Mtadhani nilimwonea huruma. Hapana! Nilimchukia, na bado namchukia. Kwa nini hakusema? Angefungua mdomo siku ile ningekana, tungegombana, yangekwisha. Yeye akaninyamazia, akaniachia mzigo, akaenda zake na roho yake nyeupe. Watu wema wa namna hiyo wananichosha. Tukaneni mkitaka, mimi nimeshajitukana kuliko nyinyi.

Sasa amerudi. Mama yake alifariki mwaka jana, na Jumamosi hii wanaondoa matanga, maana huku kwetu msiba hufungwa baada ya mwaka. Tumealikwa, na watu watapewa nafasi ya kusimama kusema. Yusufu amenyoosha shati lake kwa mkono wa kushoto. Anasema atasimama mbele ya ukoo wote amseme Fabrice.

Fabrice mwenyewe aliniandikia kwenye simu: "Dada, mi sitasema kitu. Lakini Yusufu asikie kwako. Nimechoka kuwa mutu mubaya." Nikaufuta ujumbe. Nikakasirika siku nzima, mpaka nikaunguza maharagwe.

Jana asubuhi nilijaribu. Nilimwambia Yusufu, "Achana naye, ni mambo ya zamani. Kila mutu anasahau."

Akajibu taratibu, "Dada, simuchukii juu alisahau. Mutu anasahau. Namuchukia juu miaka yote hii hakukuja kukaa mbele yangu aseme, ni mimi."

Nilikuwa nimekaa mbele yake, namkatia mkate, kwa sababu kisu hawezi kukishika.

Jumamosi ni keshokutwa. Najua mtaniandikia kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Asanteni, hilo nililisikia tangu madrasa. Mimi nawauliza nyinyi mliowahi kukiri jambo kubwa kwa mtu mnayekula naye kila siku: neno la kwanza mlisema lipi? Kwa maana kila nikifungua mdomo mbele yake, namuuliza kama niongeze sukari.