Adage kwa Kibengali

Miaka ile ya themanini tulipokuwa tunakaa Adelphi, Marekani, jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa mwanamke wa Kibengali kutoka Dhaka. Tulisoma Kiingereza pamoja darasa la jioni. Siku moja mwalimu akatuagiza kila mtu alete "adage" moja ya kwao. Jumamosi yake niko chini ya jengo letu, kwenye mashine za kufulia za wapangaji wote, akanijia mbio.

"Apa," ndivyo alivyoniita, kwao ni dada mkubwa, "lile neno ni nini?"

"Ni proverb," nikamwambia, yaani methali.

Hilo nalo hakulijua. Nikamwambia ni maneno wanayosema watu.

"Watu gani?"

"Watu wote. Wa zamani."

"Walisema nini?"

"Mengi!"

"Kumbe ni habari."

"Si habari!"

Akawaza kidogo. "Mume wangu anasema ni kuongeza umri. Kwanza add, halafu age."

Mumewe aliendesha teksi kule Alexandria, ile ya huko huko Marekani, na kwa kuwa alishinda na abiria Wamarekani, neno lake nyumbani halikupingwa. Kichwa kilianza kuniuma. Kibengali sikijui hata salamu, Kiswahili yeye hakijui, na Kiingereza tulichokuwa nacho sote wawili kilitosha kuulizia basi tu.

"Kwa hiyo niandike miaka ya nani?" akauliza.

Nilitupa shuka kapuni. Nikainamisha mgongo, nikashika kiuno, nikamnyooshea kidole kama bibi yangu wa Mombasa kila nilipounguza wali, na methali yake nikamshushia kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile ya puani. Mzee mmoja aliyekuwa akikunja soksi zake alitoka nje.

Jirani yangu aliziba mdomo kwa upindo wa sari.

"Mama mkwe!" akapiga kelele. "Kila siku, jikoni! Hiyo kwetu ni probad! Apa, mbona hukusema mapema?"

Mbona sikusema! Nilitamani kulia, lakini alivyokuwa akicheka, nami nikacheka.

Mara mumewe akaingia na mfuko wa nguo. Mkewe akamweleza mbio mbio kwa Kibengali. Yule bwana akatikisa kichwa taratibu, akanigeukia.

"Wazee," akasema. "Umri. Si ndivyo nilivyosema?"

Sikungoja hata mashine ya kukaushia; nikabeba kapu langu na shuka zangu mbichi, nikaenda kuzianika bafuni.