Kata ya Kwanza Kwenye Tamasha la Mvinyo

Nilipomwambia mama mkwe kwamba tumepata meza kwenye tamasha la chakula na mvinyo mjini Moshi, na kwamba nataka mbege yake, ile pombe ya ndizi na ulezi, ikae pale pamoja na mvinyo wa watu, aliendelea kumenya ndizi. Kisha akasema sawa, lakini ikiharibika mbele za watu, yeye pombe hapiki tena maisha yake. Alisema kwa sauti ile ile anayoniagizia chumvi dukani, ndiyo maana nikajua hatanii.

Mimi peke yangu ndiye niliyejua anaogopa nini. Homa iliyomlaza mwaka juzi iliondoka na ladha na harufu, na mpaka leo hazijarudi. Niligundua asubuhi moja nyumbani kwake Kilema, nilipomkuta anakunywa chai aliyoitia chumvi badala ya sukari, ametulia kabisa. Nilionja, nikaitema. Akaniangalia, akasema, "Usimwambie mtu." Na huyu ndiye mpishi wa pombe wa ukoo mzima. Hakuna posa, msiba wala ubatizo unaopita bila mapipa yake. Kwetu, mpishi wa mbege ndiye anayekunywa kata ya kwanza mbele ya wageni, na asipoonja yeye hakuna mzee atakayenyoosha mkono kupokea.

Tangu hapo akawa anapika kwa masikio na vidole. Huinama juu ya pipa na kusikiliza povu linavyopasuka. Uji wa ulezi anausugua kati ya vidole kujua kama umelainika. Akiona nyuki wameanza kuzunguka mlango wa jikoni, anajua ndizi zimefika pale anapotaka. Mimi niliye na pua nzima naunguza maharage kila wiki, kwa hiyo nilikuwa nakaa namtazama tu, nimeduwaa.

Akishamaliza hunipa nionje, mlango umefungwa. Kila mara nilimwambia iko vizuri, na kweli ilikuwa vizuri. Hakuniamini hata siku moja.

"Wewe ni mkwe wangu," alisema. "Mkwe gani atamwambia mama wa mume wake kwamba pombe yake ni mbovu?"

Iliniuma sana. Lakini hata mimi mama yangu alinilea hivyo hivyo, kwamba kwa mama mkwe unakula na unashukuru.

Siku ya tamasha tulishuka na mapipa mawili, na niseme ukweli, nilipoingia pale uwanjani nilisahau wasiwasi wote kwa muda. Wenye meza tulionjeshana kabla ya wageni, na watu wanajua kupika, jamani. Kulikuwa na pilau ya mchele wa Mabogini, kila punje imesimama peke yake. Familia moja ya Kihindi yenye duka pale mjini walikuwa wanakaanga bhajia, bibi yao amekaa kwenye kiti cha plastiki anaamrisha kila mtu, na chatine yao ya ukwaju ilinifanya nirudi mara tatu bila haya. Upande mwingine mtori wa ndizi na nyama, kisusio cha supu na damu ya mbuzi, kahawa inayokaangwa pale pale mbele ya macho yako. Na meza za mvinyo wa Dodoma zimefunikwa vitambaa vyeupe, chupa zimepangwa kama watoto wa kipaimara.

Dada mmoja muuza mvinyo alinifundisha kuzungusha glasi, kunusa, kisha kunywa kidogo na kutulia. Nikamwambia kwetu ukinusa pombe ya mtu hivyo utaulizwa una tatizo gani. Akacheka, akaahidi kuja kuonja ya kwetu.

Shida ni kwamba meza yetu waliiweka jirani na jiko la nyama choma. Nililalamika, nikaambiwa nafasi zimeshagawanywa. Halafu ikatangazwa kwamba hakuna kuhudumia wageni mpaka mgeni rasmi afungue, na mgeni rasmi yuko njiani. Sijui ilikuwa njia gani hiyo. Mvinyo wa watu ulikuwa kwenye barafu, unaweza kumsubiri hata mpaka kesho. Mbege haisubiri mtu. Ina saa yake, ikipita imepita. Nilizunguka nikifoka kwa kila aliyevaa kitambulisho shingoni, wakaniitikia "sawa mama, sawa mama", wakaenda zao. Mama mkwe alikaa, mkono wake juu ya pipa lililokuwa karibu na moto.

Hotuba zilipokwisha, watu wakaja. Mbele kabisa walikuwa wazee watatu wa kutoka huku kwetu milimani, wanaomfahamu mama na wameinywa pombe yake miaka yote. Nikawapa shikamoo. Yule dada wa mvinyo naye akaja na glasi yake. Mama akachota kata kutoka kwenye lile pipa la karibu na moto, na wazee wakasubiri anywe.

Hakunywa. Alinigeukia, akanipa mimi.

Mzee mmoja akasema kwa upole, "Mama, anza wewe. Ndiyo desturi."

"Najua desturi," akasema. "Ulimi wangu uliondoka na ile homa. Siku hizi anaonja huyu."

Alisema hivyo hivyo, mbele za watu, siri aliyoificha hata kwa wanawe wa kuwazaa. Nikanywa.

Ilikuwa siki. Si ule uchachu mzuri unaochezea ulimi, ni siki ya kukunja uso. Nikaumeza ule ukali huku nimekaza sura, na yeye ananitazama machoni wala hapepesi. Nilijua kabisa kwamba nikisema ni mbovu, nimemwachisha kupika pombe kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya wazee wake. Nikisema ni nzuri, mzee atapokea, atakunywa, na kwa heshima hatasema kitu. Mama hatajua kamwe.

"Mama," nikasema, "hii imepita. Ni moto wa jirani. Hainyweki."

Mama akaipokea kata, akairudisha ile pombe pipani, akawaambia vijana wa nyama choma waliondoe pipa pale. Hakuna aliyebisha. Kisha akainama juu ya pipa la pili, akaweka sikio, akasikiliza kwa muda mrefu mpaka watu wakaacha hata kuongea. Akachota. Akanipa tena.

Hiyo ilikuwa pombe. Ndizi ipo, ulezi upo, na ule uchungu mdogo wa magome ya msesewe unakuja mwishoni. Nikasema iko vizuri. Mzee akaipokea kata, akanywa, akafuta mdomo, akampitishia mwenzake. Dada wa mvinyo alisahau kunusa, akamaliza glasi, akanyoosha mkono tena.

Jua lilipoinama pipa lilikuwa tupu. Tulikuwa tunaosha vyombo kwenye beseni, mimi na yeye, na nilikuwa nasubiri aniambie kwamba ameacha. Neno lake lilikuwa neno. Nilishaanza kupanga moyoni nani atapika mbege ya ubatizo wa mtoto wa jirani.

"Ulezi wa ubatizo nauloweka kesho," akasema, bila kuinua kichwa. "Siku hiyo uje mapema uonje. Na ikiwa mbaya, sema kama ulivyosema leo."

Nililia pale pale kwenye beseni, sioni aibu kusema. Yeye akanipa kata nyingine niisuuze.