Nilivyoona Haya Kupima Mbele ya Mkwe

Mke wangu ameshanikataza kuisimulia habari hii, anasema mtu mzima hajianiki, lakini leo hayupo, kaenda Dumila kununua nyanya, basi acheni niiseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine wakaitia chumvi. Mimi mnayeniona hapa, mkaguzi wa umeme, mtu wa serikali mwenye cheti, nimewahi kurushwa na umeme kwenye ukaguzi wangu wa kwanza kabisa, suruali ikanivuka, nikafungwa kanga ya mama wa watu, nikafukiwa mchangani mpaka kifuani, na mkwe wangu kasimama pale ananitazama. Mpaka leo nikikumbuka nafumba macho, hata kama niko peke yangu.

Ilikuwa miaka ile mashamba ya mkonge yameshataifishwa na kila mtu anaitwa ndugu. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya ufundi juzijuzi, nimepangiwa ofisi ya Kilosa, nina Kaunda suti moja ya kijivu ambayo niliipenda kuliko chakula. Bosi akaniita akaniambia, "Danieli, kesho nenda peke yako kiwanda cha mkonge ukakague nyaya na mashine. Ukiandika sawa, wanaendelea na kazi. Ukiandika si sawa, tunafunga mpaka warekebishe." (Shamba lenyewe silitaji, wajukuu wa watu wa pale tunasali nao.) Nikajiona na mimi sasa ni mtu.

Sasa, wakati huohuo nilikuwa nimepeleka posa. Binti anaitwa Loida, mwalimu wa shule ya msingi Mikumi, tulionana kwenye mashindano ya kwaya, nikaimba vibaya yeye akacheka, mambo yakaanzia hapo. Sisi watu wa milimani, mimi kwetu Lumuma, posa hupeleki mwenyewe, anapeleka mshenga, wewe unakaa mbali unangoja, na mkwe unamwogopa kuliko mkuu wa wilaya. Mjomba wangu alikuwa ameshakwenda mara mbili akaambiwa jibu litakuja. Baba yake Loida mimi sikuwa nimemtia machoni hata siku moja, nilijua tu kwamba ni fundi huko mashambani.

Naona mmeanza kucheka, ngojeni kwanza.

Nafika kiwandani, anatoka mzee mrefu kavaa ovaroli, nampa shikamoo na kumtajia jina langu, anaitikia marahaba, ananiangalia toka juu mpaka kwenye viatu, kisha anasema taratibu, "Mimi Yeremia, fundi mkuu wa hapa. Baba yake Loida. Jina lako mjomba wako ameshanitajia." Jamani! Nikapiga shikamoo ya pili, wakati ya kwanza ilishaitikiwa, halafu nikashindwa kumtazama usoni, na ukaguzi mzima ukaenda hivyo, yeye mbele anaonyesha, mimi nyuma nimeinamisha kichwa, nimekumbatia karatasi zangu. Ukaguzi gani mkaguzi anatembea nyuma?

Tukafika kwenye boksi la fyuzi. Nafungua, naona mahali pa fyuzi pamefungwa waya mnene, wa kuanikia nguo kabisa, usiokatika hata umeme ukizidi. Mzee akasema, "Hiyo ya muda tu, mwanangu." Karatasi yangu ilikuwa na sehemu mbili, sawa na si sawa. Nikaweka kalamu ya wino mfukoni, nikatoa penseli, nikaandika sawa, nikijidanganya kwamba nitaifuta nikirudi ofisini. Ile sawa ya kwanza ndiyo iliyozaa zile nyingine, maana ukishamstahi mkwe kwenye fyuzi, utamkatalia vipi kwenye soketi iliyovunjika? Nikaandika sawa sita.

Tukaingia chumba cha brashi, kule wanakosafisha singa, zile nyuzi za mkonge. Ilikuwa masika, bati linavuja, sakafu imelowa, na akina mama wanafanya kazi pekupeku. Mmoja wao akaja mbele, Mama Zuhura, mjumbe wa kamati ya wafanyakazi, mwanamke mfupi asiyeogopa mtu. Akasema, "Ndugu mkaguzi, mashine ile ya pembeni inatekenya. Ukiishika inakupanda mpaka kwenye kiwiko. Jana imemwangusha mwenzetu mjamzito. Tumesema mpaka tumechoka."

"Mashine ina mtikisiko wake, mama," Mzee Yeremia akamjibu. Akaenda ukutani, akashusha swichi, mashine ikanyamaza. Akanigeukia. "Nimezima. Fungua, uwaonyeshe kwamba hamna kitu."

Testa ilikuwa mfukoni mwangu, ile bisibisi yenye taa ndogo, unaigusisha kwenye waya, ikiwaka ujue pana moto wa umeme. Kitu cha kwanza tulichofundishwa ni hicho: hata ukiambiwa umeme umezimwa, pima. Mkono wangu ulishaigusa. Lakini hebu fikirieni, akina mama thelathini wanatazama, mkwe kasema nimezima, halafu mimi nitoe testa nimpime? Si ndiyo kumwambia mzee wa watu muongo mbele ya kadamnasi? Nikaiacha testa mfukoni, nikafungua kifuniko, nikatia mkono.

Kilichofuata nilisimuliwa. Wanasema nilimwita mama yangu kwa kilugha, kwa sauti ya kitoto, nikaruka kinyumenyume nikatua kwenye lundo la takataka za singa, nikatoka mweupe kama nimemwagiwa unga, na Kaunda suti imechanika kutoka kiunoni kushuka chini. Niliposimama ili nionyeshe kwamba mimi ni mzima, suruali haikusimama nami. Mama Zuhura akanirushia kanga.

Hapo ningepaswa kwenda hospitali (na nyie, mtu akirushwa, zimeni kwanza umeme, mpelekeni kwa daktari, msije mkaniiga). Lakini wale akina mama wakasema umeme ukiingia mwilini dawa yake ni mchanga, unaunyonya wote. Nikafungua mdomo nipinge kisomi, Mzee Yeremia akasema, "Mfukieni upesi." Mkwe kashasema! Nikajilaza mwenyewe, nikafukiwa kwenye lundo la mchanga wa ujenzi pale nje, na filimbi ya mapumziko ikalia, kiwanda kizima kikatoka kuja kuniona.

Mzee akawa ameokota testa yangu iliyodondoka. Akarudi ndani peke yake, swichi bado ameishusha vilevile, akapima. Aliporudi uso ulikuwa umebadilika. Akasema polepole, watu wote wanasikia, "Imewaka. Swichi inakata waya usio na moto. Wenye moto unabaki na moto wake. Wenye shamba wa zamani waliifunga hivyo, na mimi miaka yote nazima, naamini nimezima."

Mama Zuhura akachuchumaa karibu na kichwa changu, akaniwekea karatasi zangu kifuani juu ya mchanga. "Haya, mwanangu," akasema, "utaandika inatekenya au haitekenyi?"

Nilimwangalia Mzee Yeremia, mara ya kwanza siku ile namtazama usoni. Nikiandika ukweli, chumba kinafungwa, fundi mkuu anaandikiwa barua ya onyo, na Loida ndiyo basi tena. Nikiacha penseli yangu ilivyo, kesho akina mama hawa wanasimama palepale na miguu yao imelowa. Nilitamani kulia, sisemi uongo. Nikatoa mkono mchangani, nikaomba kalamu ya wino, nikakata zile sawa zote sita moja moja, nikaandika chumba kifungwe. Pale pa kueleza ajali nikaandika: mkaguzi hakupima kwa kuona haya. Fundi mkuu alitakiwa kuweka sahihi, akaweka, akaondoka zake.

Nilirudi Kilosa kwenye lori la shamba nimevaa kanga. Bosi aliisoma ripoti kwa sauti ofisi nzima, na kwa miaka minne jina langu likawa Bwana Mchanga. Lakini mashine zote zilifungiwa waya upya, na yule mama mjamzito alijifungua salama, huyo mtoto sasa ni mwalimu.

Baada ya wiki tatu mjomba akarudi kutoka kwa wakwe, akakaa, akaomba maji, akayanywa yote huku mimi nakufa. Kisha akasema, "Barua ya onyo wamempa. Na posa amekubali. Ameniagiza nikwambie hivi: kijana aliyeandika aibu yake kwa wino hawezi kumdanganya binti yangu. Ila siku nyingine akikwambia amezima, upime."

Tangu siku hiyo sijawahi kushika waya kwa neno la mtu, awe mkwe, awe waziri. Hata hapa nyumbani, Mzee akija kututembelea akaniambia amezima taa ya barazani nibadilishe globu, namwamkia vizuri, natoa testa, napima, naye anangoja mpaka nimalize.