Ramani Yangu na Supu ya Mama Zuhura

Nilijitia mtetezi wa watu wa Jangwani. Nikapiga picha mitaro ya Kariakoo iliyoziba taka, nichore ramani ya kuonyesha mafuriko yao yanaanzia wapi. Jua lilikuwa kali, basi picha zote nikaziingiza kwenye ramani nikiwa nimekaa kivulini kwa Mama Zuhura, muuza supu.

Mchana uleule, kwenye kikao cha mtaa mbele ya bwana afya, ramani ikatokea ukutani: doa moja jekundu la taka, kubwa kama sinia.

“Mchafuzi ndiye huyu!” nikafoka. “Afungiwe leo leo!”

Mama Zuhura akainuka kati ya wakazi. “Mwanangu, hapo si kwangu?”

Kumbe simu iliandika mahali nilipokaa nikiziingiza, si nilipopiga picha.

Bwana afya akanigeukia. “Unapafahamu hapo?”

Kifuani, shati langu jeupe lilikuwa na tone bichi la supu.