Nepi nyeusi za Mchombe na begi la Kabula lililokuwa mlangoni

Wakuu, poleni na majukumu. Haya nimeyaona kwa macho yangu, nilichobadilisha ni majina tu. Atakayesema ni chai ruksa, aje na kikombe chake.

Mimi ni mtu wa baiokemia, nipo Ifakara. Nasoma enzymes, hivi vitu vya mwilini vinavyovunja chakula hatua kwa hatua.

Nafanyia kazi mbu. Akishanyonya damu anajaa protini kupita kiasi, na lazima azivunje haraka amino acids zinazotokana nazo, la sivyo zinamuua. Tunatafuta namna ya kumzibia hiyo njia.

Nyumbani wananicheka, eti nimesoma kote huko nikaishie kuchungulia tumbo la mbu. Nimezoea.

Sasa, kijijini Mchombe kuna kaya ya Wasukuma, wakulima na wafugaji, tunategaga mbu kwao. Mwenye mji ni Mama Masanja, mjane. Anaishi na mwanae Masanja, mke wa Masanja anayeitwa Kabula, na mjukuu mchanga.

Siku hiyo nafika, nakuta begi la Kabula lipo nje mlangoni. Mwenyewe anafua nepi huku analia.

Nikamuuliza Masanja kulikoni, akanijibu kwa shida kwamba mkewe anarudishwa kwao Kiberege. Mkojo wa mtoto unageuza nepi kuwa nyeusi, na mama yake ameamua kwamba ukoo wa mke umewaletea mkosi. Yeye hata kumtetea mkewe hamtetei, anachorachora chini na kijiti. Nilikasirika wakuu, mwanaume mzima.

Nikasogea kwenye beseni. Kabula kila akipaka sabuni, doa linazidi kuwa jeusi. Maskini anaongeza sabuni na kusugua zaidi, akidhani hajui kufua.

Hapo nikashtuka, maana hilo jambo nalijua. Ni njia ileile ninayoisoma kwa mbu. Mtu akizaliwa na enzyme moja ya njia hiyo isiyofanya kazi, mabaki yake yanatoka na mkojo, na yakikutana na hewa au sabuni yanakuwa meusi. Na mtoto hawezi kuipata hali hiyo kwa mama peke yake, lazima arithi pande zote mbili.

Nikamwamkia Mama Masanja, nikamweleza. Alinisikiliza vizuri tu, ila hakuniamini. Kwao, akasema, haijawahi kutokea.

Wakati anakaa, kiuno kinamuuma na magoti hayakunjiki, ndiyo nikayaona masikio yake. Yana rangi ya bluu iliyofifia. Kwenye weupe wa macho kuna madoa ya kahawia.

Hizo ndizo dalili za ukubwani za tatizo lilelile.

Kusema mbele ya watu ningemvunjia heshima. Nikamwomba tusogee nyuma ya jiko, nikamwambia taratibu ninachodhani. Nikamwachia kikombe cha plastiki na kipande cha sabuni, ajaribu mkojo wake mwenyewe, na asipotaka basi.

Akakigeuzageuza kile kikombe. Kisha akasema yeye mkojo wake hajawahi kuuona, unaishia kwenye choo cha shimo. Na utotoni walilazwa juu ya ngozi ya ng'ombe, nepi wangezijulia wapi?

Nikarudi mbele kusubiri. Alichelewa mpaka nikadhani amekimwaga.

Akaja polepole na kikombe, akakiweka chini pembeni ya beseni la nepi, wote tunaona. Kilikuwa cheusi kama kahawa.

"Huu ni wangu," akasema. "Kama ni mkosi, umeanzia kwangu. Rudisheni begi ndani."

Masanja ndiye aliyelibeba.

Baadaye vipimo vya hospitali vilithibitisha, kwa bibi na kwa mjukuu. Mtoto anakua vizuri na ana kliniki yake. Bibi naye amejua kwamba maumivu aliyoambiwa miaka yote ni uzee yana jina.

Nilichojifunza: mtoto akionyesha kitu msichokielewa, mpelekeni hospitali kabla hamjamtolea mtu begi nje. Na baba wa mtoto, fungua mdomo.

Manesi na wakunga mliomo humu, mmeshakutana na nepi za hivi? Na kina mama mliowahi kulaumiwa kwa kitu cha kurithi, semeni hapa, nasoma zote.

Nilipita Mchombe juzi. Nepi anafua Mama Masanja, kwenye kigoda, kiuno kikimuuma. Kabula amekatazwa kuzigusa.