Ukoko wa Sambaza

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, mvuvi mmoja alibisha mlango wa nyuma wa duka la dawa nilikokuwa mtunza stoo, hapa Gisenyi, akiwa amebeba nyungu iliyofunikwa kitenge. Sikuwa nimemkaribisha bado, na tayari nilikuwa namshuku. Mwenye kitu halali hupita mlango wa mbele.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na kushuku hakukuwa tabia mbaya. Magari yalisimamishwa na kupekuliwa njia ya Mahoko, na mtu aliyechungulia nyungu ya jirani aliweza kuitwa mtia sumu. Nami kazi yangu ya pili ilikuwa hiyo hasa, kuchungulia nyungu. Kemia nilijifundisha kwa kitabu cha shule cha Kifaransa kisicho na jalada. Humo na kwingineko nilijifunza kwamba udongo wa nyungu hufyonza mafuta ya chakula, na kwamba ukoko ulioungulia ndani, hata ukikaa karne nyingi, unaweza kueleza kama watu walipika nyama, samaki au nafaka. Mtafiti mmoja mgeni, mwanamke wa maneno machache, aliahidi kupeleka sampuli yangu moja kwenye maabara ya kwao. Ikiwa nzuri, angenichukua niwe msaidizi wake. Ikiwa ya uongo, ningebaki na stoo yangu. Alikuwa aondoke Jumamosi.

Kikwazo kilikuwa adabu ya watu. Kila niliyemwomba nyungu ya zamani, kuanzia Nyakiriba hadi ufukweni, aliisugua kwanza kwa mchanga. Nani atampa mgeni chombo kichafu? Nikaanza kutangaza kwamba nataka nyungu isiyooshwa, na akina mama wauza samaki wakanibandika jina: Muzee wa Ukoko.

Mvuvi alifunua kitenge. Umbo lilikuwa la kale kweli. Shingoni kulikuwa na alama za kamba iliyobonyezwa kwenye udongo mbichi, ambazo sikuwa nimeona mfinyanzi wa siku zetu akizitia. Ndani kulikuwa na ukoko mweusi, mnene. Alisema wavu wake uliinasa ziwani, upande wa chemchemi za maji moto. Alitaka faranga elfu kumi na tano. Nilikuwa nazo, nimezitunza kwa kitu kama hicho. Nikamwambia aiache, arudi alasiri.

Nilikwangua ukoko kiasi cha ukucha, nikauloweka katika maji ya vuguvugu yenye magadi mpaka ukalegea, nikauchuja kwa kitambaa cha kufungia vidonda. Chini ya kioo cha kukuzia niliona miiba myembamba kama nywele na pingili ndogo za uti wa mgongo. Nilinunua sokoni sambaza, samaki wadogo kama dagaa, nikawachemsha, nikapanga mifupa yao kando ya ile. Haikutofautiana.

Lakini sambaza si wenyeji wa ziwa letu, Kivu. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika nilipokuwa mtoto. Nakumbuka mama alipowaona mara ya kwanza, akauliza kama ni samaki au chakula cha kuku.

Alasiri tulikaa kwenye kabare iliyo nyuma ya soko. Niliagiza bia mbili, zikafunguliwa mbele ya macho yetu, nami nikaonja yake kwanza, kama desturi yetu inavyotaka. Hata hivyo alisubiri kidogo aone kama nitaanguka. Kisha nikamwuliza watu wa kale walikuwa wakipika nini katika nyungu ile.

“Sambaza, patron. Batu ba ziwa balikuwa banakula nini ingine?”

Nikamwuliza sambaza walifika lini ziwani. Alicheka, akasema walifika pamoja na maji. Alikuwa kijana, alizaliwa akawakuta. Nilipomweleza habari ya Tanganyika na kumwonyesha miiba, alizungusha chupa mkononi, kisha akasema bila aibu yoyote:

“Batu banakuletea nyungu za kuoshwa, unazikatala. Mi nikajisemea, bon, muzee anataka ukoko, nimupikie ukoko.”

Nilimwuliza kama ndani kulikuwa na kitu alipoitoa majini.

“Kulikuwa na ukoko yake, kidogo, ngumu kama jiwe. Muke yangu akaisugua na muchanga, ikatoka. Haikukuwa muzuri.”

Hilo nililiamini papo hapo. Nyungu ilikuwa ya kweli, na walikuwa wameinyamazisha. Mafuta ya sambaza yalikuwa yameshazama udongoni juu ya yale ya kale, na mimi sikujua njia ya kuyatenganisha. Nikamrudishia nyungu yake.

Jumamosi nilimwambia mtafiti kwamba sina sampuli, na kwa nini. Alinitazama kwa muda, nadhani akinishuku, akaomba kuiona miiba. Aliitazama kwa kioo changu, halafu kwa chake. Akaniuliza naweza kuanza kazi lini.

Nimeshika nyungu nyingi tangu siku ile, na swali langu la kwanza bado ni nani aliyeziosha. Ile ya mvuvi sijui iliishia wapi. Bia zilinigharimu mia nane. Niliokoa faranga elfu kumi na nne na mia mbili.